Niuze shamba la michungwa ili binti yangu asomee udaktari?

BARUA

Asalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Muheza. Mume wangu alifariki mwaka 2019, akaniachia watoto wawili na shamba la michungwa la ekari 3. Kila asubuhi nauza chai, chapati na maharage pale stendi. Siku nzuri nabaki na faida ya shilingi 8,000, siku ya mvua sipati hata nusu yake. Shamba nalo, mwaka ambao miti imebeba na wanunuzi wa kutoka Kenya wamefika, linanipa kama milioni 2. Mwaka mwingine halifiki laki 8.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), amepata daraja la kwanza pointi 9. Mwalimu wake aliponipigia simu nilikuwa nakanda unga, nikakaa chini na mikono ile ile nikalia. Katika ukoo wa baba yake hakuna aliyewahi kufika hapo. Tangu darasa la nne anasema atakuwa daktari. Baba yake alipougua, yeye ndiye aliyekuwa anamsomea maandishi kwenye paketi za dawa.

Sasa ana nafasi tatu. Udaktari kwenye vyuo vya serikali aliomba akakosa, waliomba wengi. Chuo kimoja binafsi, mbali na hapa, kimempokea kusomea udaktari miaka 5. Ada ni milioni 6 kwa mwaka, na michango mingine kama laki 6. Chuo kikuu cha serikali Dar es Salaam kimempa shahada ya sayansi, upande wa kemia, miaka 3, ada 1,300,000 na michango kama laki 2. Na kuna chuo cha afya Tanga mjini, stashahada ya utabibu, miaka 3, kila kitu 1,700,000 kwa mwaka. Huko angelala kwa mama yake mdogo.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, amesema yuko tayari kulinunua shamba kwa milioni 14, fedha taslimu, ila nimjibu kabla ya mwezi kwisha. Anasema elimu ndiyo urithi, michungwa itazeeka. Mdogo wangu wa Tanga anasema nikiuza nitakuja kujuta, na kijana wangu wa kidato cha tatu atasoma na nini. Kila mmoja akizungumza namwona ana haki.

Binti anataka kuomba mkopo wa Bodi, ile ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo. Mimi nimekataa kabisa. Mwaka jana nilikopa laki 5 za kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ili nilipe michango yake ya shule. Nikalipa wiki hii, nikalipa wiki ile, deni halipungui, mwisho wakaja kubeba friji yangu mbele ya wateja. Siku ile niliapa. Sitaki mwanangu aanze maisha akidaiwa kama mimi. Na hata ningekubali, wanataka cheti cha kifo cha baba yake, nasi hatukuwahi kukishughulikia. Nasikia dirisha linafungwa baada ya wiki tatu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba binti yangu hazungumzii tena udaktari. Barua za vyuo ameziweka chini ya godoro. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo alinisomea yeye, akanitajia ada. Juzi akaniambia, "Mama, hata hiyo ya Tanga inanitosha." Nilimtazama usoni nikajua hasemi kilicho moyoni.

Nifanye nini, Mshauri? Nikiuza naogopa, nisipouza najiona nimemvunja mwanangu.

Mama wa Muheza

JIBU

Waaleikum salaam, mama. Nakupa hongera na pole kwa pamoja. Hongera kwa sababu mtoto wa muuza chapati ya stendi hapati daraja la kwanza kwa mchepuo wa PCB bila mama aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri. Pole kwa sababu furaha hiyo hukupewa hata wiki moja ya kuifurahia kabla ya hesabu kuingia ndani ya nyumba.

Nilivyokuelewa, unaona milango miwili. Shamba liuzwe, mtoto asome. Au shamba libaki, ndoto ya mtoto ife. Nami kabla hatujachagua mlango, nataka tuione nyumba yote, kwa sababu katika barua yako kuna mambo mawili matatu uliyoyapitia haraka, na nadhani mzigo umejificha humo.

Chukua daftari tuhesabu. Ulichonitajia ni ada na michango. Mtoto akiwa chuoni anakula, analala, ananunua sabuni, anatoa nakala za notsi, anapanda gari kurudi likizo. Bodi ya Mikopo yenyewe huhesabu chakula na malazi ya mwanafunzi. Kiwango kilikuwa 8,500 kwa siku, kikapandishwa hadi 10,000. Tuchukue hicho hicho, kwa siku 240 za masomo. Ni 2,400,000 kwa mwaka. Kile chuo binafsi sasa si tena milioni 6, ni milioni 9 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni milioni 45. Dar es Salaam inakuwa 3,900,000 kwa mwaka, milioni 11 na laki 7 kwa miaka 3. Tanga, ambako atalala kwa mama yake mdogo, ongeza laki 7 za nauli, sare na chakula cha mchana, inafika 2,400,000 kwa mwaka, yaani 7,200,000 mpaka anamaliza.

Rudi sasa kwenye milioni 14 za shemeji. Zinalipa mwaka wa kwanza wa udaktari, zinabaki milioni 5, na mwaka wa pili hauishi. Hapo binti yako atakuwa katikati ya miaka mitano, wewe huna michungwa, na kijana wako ndiyo kwanza anajiandaa na kidato cha tano. Mama, hili ndilo lililonishtua nilipokuwa nasoma barua yako. Wewe unaliwaza shamba kama ada ya udaktari, na kwa bei hii halifiki hata nusu ya safari. Sikuambii usiuze. Ila ukiuza, uuze ukijua kwamba bado kuna milioni 31 ambazo mtu hajazitaja, na mtoto anayesimama mwaka wa pili kwa kukosa ada huumia kuliko ambaye hakuanza. Nimepokea barua zao, na si chache.

Kuna jambo lingine kuhusu hilo shamba, na nalisema kwa upole maana najua ni la ndani ya ukoo. Hakuna mahali ulipoandika "shamba langu", umeandika "akaniachia". Je, mirathi ilifunguliwa? Kama hata cheti cha kifo hamkuchukua, nina wasiwasi haikufunguliwa. Ikiwa shamba lilikuwa la marehemu, huwezi kuliuza peke yako hata ukitaka, na anayelinunua kwa maneno ya barazani ananunua ugomvi. Kwa mirathi ya Kiislamu, mjane mwenye watoto sehemu yake ni thumuni, yaani moja ya nane, na kilichobaki kina wenyewe, na watoto wako wote wawili wamo. Maana yake, ukiuza, sehemu kubwa ya fedha hiyo si yako kumpa binti. Nyingine ni yake tayari, na nyingine ni ya mdogo wake aliye kidato cha tatu, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anakubali kumsomesha dada yake. Huenda akakubali kwa moyo mweupe. Lakini aulizwe.

Sina sababu ya kumdhania shemeji yako vibaya. Inawezekana anataka ardhi ya kaka yake isitoke nje ya ukoo, na hilo si kosa. Ila muda wa kumjibu aliouweka ni wake. Unaweza kumwambia kwa heshima, "Shemeji, ngoja kwanza ukoo ukae umpendekeze msimamizi, tufungue mirathi Mahakama ya Mwanzo, ndipo tuzungumze." Kama nia yake ni njema, hatakasirika. Na kama anataka kweli kumsaidia mtoto wa kaka yake, kuna njia nyingine za kuweka fedha yake: anunue matunda juu ya mti kwa msimu, au akodi shamba kwa misimu miwili mitatu kwa maandishi, mbele ya viongozi wa kijiji. Njia hizo nazo zina hatari yake. Aliyekodi hapalilii kama mwenyewe, na miti inaweza kurudi kwako imechoka. Lakini miti itarudi.

Tuje kwenye mkopo. Naielewa hofu yako, na friji lile sitalidharau. Mtu aliyebebewa kitu mbele ya wateja wake ana haki ya kulichukia neno deni. Naomba tu tusiyachanganye mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Kausha damu hukukopesha leo ikakudai wiki ijayo, uwe umeuza au hujauza. Mkopo wa Bodi anadaiwa mwanafunzi mwenyewe, baada ya kumaliza masomo, na akiajiriwa mwajiri hukata 15% ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Zamani kulikuwa na tozo ya 6% kila mwaka iliyofanya deni livimbe, na faini ya 10% kwa aliyechelewa. Zote mbili ziliondolewa mwaka 2021. Hakuna mtu atakayekuja stendi kubeba kitu. Anayesaini udhamini asome kila anachosaini, hilo ni la lazima, lakini si kitu kile kile kilichokuumiza.

Hata hivyo, nisikupake mafuta. Mkopo huu hauna uhakika mpaka jina litoke. Bodi hupima hali ya familia, wengine hupewa ada nzima na wengine sehemu tu. Fedha ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita boom, mara nyingine huchelewa, na mtoto asiye na akiba hulala njaa kwa wiki kadhaa. Na Bodi ina viwango vyake vya ada. Chuo binafsi kikidai zaidi ya kiwango, tofauti inabaki kwa mzazi. Tuseme kwenye udaktari angepata chakula na malazi yote, na milioni 3 za ada. Bado ungetakiwa kutoa 3,600,000 kila mwaka kwa miaka 5. Chapati zako na michungwa, mwaka mzuri, vinaingiza kama 4,400,000 (siku 300 za faida ya 8,000, na milioni 2 za shamba), na humo ndani mnakula, mnavaa, na kijana anasoma. Tuseme Dar angepata chakula na malazi na nusu ya ada; wewe ungebaki na 850,000 kwa mwaka. Akikosa kabisa, ni 3,900,000. Andika hesabu zote mbili daftarini, ya kupata na ya kukosa, kwa kila chuo. Wazazi wengi huandika ya kupata tu.

Sasa tazama jinsi mambo yako yanavyoshikana. Kile cheti cha kifo ambacho hakikuchukuliwa tangu 2019 ndicho kinachozuia mirathi, na ndicho hicho hicho kinachodhoofisha ombi la mkopo. Mtoto aliyefiwa na baba anahesabiwa tofauti, lakini lazima athibitishe kwa cheti, na cheti kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kwa hiyo lolote utakaloamua, uuze usiuze, aende Dar au abaki Tanga, safari yako ya kwanza ni ile ile. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa upate barua, beba kibali cha mazishi kama bado kipo, na nenda kwa msajili wa vizazi na vifo kwenye ofisi ya wilaya. Na cheti cha kuzaliwa cha binti kiangalieni mapema. Jina likipishana herufi moja na la kwenye cheti cha shule, mtahangaika. Wiki tatu ni chache lakini hazijaisha. Kuomba mkopo kunagharimu 30,000 na hakumlazimishi mtu kuuchukua. Unaweza kumruhusu aombe huku kiapo chako ukiwa nacho bado, mkangoja majibu, mkaamua mkiwa na karatasi mkononi. Na jina likikosekana au kiwango kikiwa kidogo, huwa kuna dirisha la rufaa.

Kuna mlango mwingine ambao wengi huona haya kuugonga. Ukoo wetu huu na majirani zetu hawa hukaa kamati miezi mitatu kwa ajili ya harusi, mtu akaahidi laki, akafuatwa mpaka atoe, na ukumbi ukajaa kwa usiku mmoja. Sijawahi kuelewa kwa nini hatukai kamati kwa ajili ya mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu. Haitalipa miaka mitano. Inaweza kulipa godoro, nauli, bima ya afya na mwezi ule wa kwanza kabla ya boom. Mjomba akiahidi mbele ya watu wengine, huwa anatoa. Kikoba nacho, kama umo, kikusaidie kwa madogo ya namna hiyo. Kwa ada ya miaka mingi marejesho yake ni ya haraka mno, usije ukairudia ile hadithi ya friji kwa jina jingine.

Nimeiacha Tanga mwisho kwa sababu ya alichokuambia binti yako. Wewe ulisikia mtu anayekata tamaa. Yawezekana. Lakini mtoto aliyekuwa akisoma paketi za dawa za baba yake, na aliyeona friji linabebwa kwa ajili ya michango yake, anaweza pia kuwa amekaa peke yake usiku akapiga hesabu hii hii tuliyopiga sisi, akaona isivyofika, akaamua kukubebea. Hayo mawili yanafanana usoni, na dawa zake ni tofauti. Stashahada ya utabibu si kaburi la udaktari. Tabibu anatibu wagonjwa, na mwenye ufaulu mzuri anaweza kuomba tena udaktari baadaye. Wapo madaktari waliopita njia hiyo. Lakini ni njia ndefu, na katikati hujitokeza kazi ya kijijini, ndoa, mtoto, mdogo wa kusomeshwa, na wengi hawarudi. Kama ataichagua, aichague akijua hivyo. Tena aulize kuhusu mkopo: Bodi ilianza kukopesha ngazi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/24, kwa kozi zilizoorodheshwa tu, na si kila kozi ya afya imo. Jina la kozi yake alitafute kwenye mwongozo wa mwaka huu, herufi kwa herufi.

Kuhusu kemia ya Dar, katika barua yako yote sikuona hata neno moja la mtu anayeitaka. Ndiyo nafuu ya ada kwa chuo kikuu, ni kweli. Lakini muulize atakuwa nani akimaliza, na kama yeye mwenyewe ana jibu. Na udaktari nao uulizwe swali hilo hilo kwa uaminifu: miaka 5, kisha mwaka wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, na siku hizi wapo hata madaktari wanaosubiri ajira. Swali hilo halilengi kumkatisha tamaa. Kama baada ya kulisikia bado macho yake yanawaka, utakuwa umejua kitu ambacho sasa hivi unakikisia tu.

Kitu kimoja cha haraka: ana nafasi mbili za shahada, kwa hiyo atatakiwa athibitishe chuo kimoja kwa ile namba anayotumiwa kwenye simu. Mwombe asiibonyeze kwa hasira, wala kwa kukuhurumia, kabla hamjakaa.

Na mkae, mama, wewe na yeye, na yule kijana pia, maana fedha yake imo humu. Usiku, ukishafunga biashara. Mwambie kila kitu: faida ya siku, mapato ya shamba, bei ya shemeji, kiapo chako. Nadhani umemficha hesabu zako ili asihuzunike, na yeye amekuficha za kwake kwa sababu hiyo hiyo. Alikusomea ada peke yake. Barua hizo huwa na kurasa nyingi: gharama za hosteli, siku ya kuripoti, ada inalipwa kwa awamu ngapi, vifaa vya maabara, na kama aliyesimamisha masomo anaruhusiwa kurudi. Ada ya milioni 6 inayolipwa kwa awamu nne si sawa na inayodaiwa yote mlangoni.

Mwombe azitoe chini ya godoro, akusomee zote, ukurasa kwa ukurasa, akikutafsiria. Msikilize sauti yake anapofika kwenye ile ya udaktari. Kisha niandikie.